Jicho la Pili la Kaka Yangu

Kaka yangu mkubwa alikuwa mhunzi kule Malolo. Alifua majembe, shoka, mundu na visu, na watu walitoka hadi ng'ambo ya Ruangwa kumletea kazi. Baba yetu alifariki nikiwa bado mdogo, kwa hiyo yeye ndiye aliyenilea. Ndiye aliyenipeleka chuoni kusoma Kurani, na baadaye ndiye aliyesema niende shule ya serikali, ingawa wajomba walinung'unika kwamba shamba la ufuta litapungukiwa mikono. Alinizidi miaka kumi na minne. Aliniita "mdogo wangu" hata nilipokuwa na ndevu na mke.

Haya ninayoyaandika yalitokea katikati ya miaka ya hamsini. Nimewahi kuyasema mara moja tu, kwa mtu mmoja, na nitafika huko.

Wakati huo nilikuwa dresa, msaidizi wa daktari wa kufunga vidonda, katika hospitali moja Nachingwea. Wazungu wa karanga, wale wa ule mradi mkubwa wa serikali wa kulima karanga, walikuwa wameondoka, wengi wao, na ule mji uliojengwa kwa pupa ulibaki na mabati yake, barabara zake pana kuliko magari, na vyuma. Vyuma vilikuwa kila mahali: minyororo ya kung'olea miti, meno ya majembe ya trekta, springi za malori. Watu wa vijijini walivichukua kidogo kidogo, wengine kwa ruhusa na wengine bila. Kaka yangu alikuwa na lundo la springi nyuma ya banda lake. Alisema zamani mhunzi alihangaika kutafuta chuma kama atafutaye maji kiangazi, na sasa chuma kinamtafuta mhunzi.

Daktari wetu alikuwa Mzungu wa makamo, mwembamba, mwenye Kiswahili cha kuamrisha. Lakini alipenda kufundisha. Sisi madresa tulikuwa wanne, na kila alipopata nafasi alitukusanya kwenye chumba cha kufungia vidonda akatueleza sehemu moja ya mwili: leo moyo, mara nyingine figo. Alipofika kwenye jicho alikaa hapo miezi. Alisema watu wa huku wanapofuka kwa mambo madogo, kwa vikope na kwa vumbi, na kwamba dresa asiyelijua jicho ni sawa na mlinzi asiyejua mlango uko wapi.

Alinituma machinjioni mapema asubuhi nikaombe macho ya ng'ombe. Niliyaleta kwenye bakuli la bati lililopakwa rangi nyeupe, nikikatisha sokoni katikati ya wauza mihogo. Sikulifunika. Watu waliniuliza ya nini, nami nilijibu kwa fahari, "Ya kusomea."

Naukumbuka ule mkato wa kwanza. Weupe wa jicho ni mgumu, una ukaidi kama ngozi ya ngoma. Wembe ulikuwa unateleza. Mbele kuna kioo chake, ambacho vitabuni huitwa konea, na daktari alitugusisha tuone jinsi kilivyo laini na kigumu kwa pamoja. Nyuma ya kioo kuna maji kidogo, safi kabisa. Yakimwagika unaona pazia la rangi, lile ambalo kwa Mzungu huweza kuwa la samawati na kwetu ni la kahawia, na katikati yake tundu. Tundu hilo ndilo mboni. Nilikuwa nimeishi miaka yote ile nikidhani mboni ni kitu cheusi, kama punje. Kumbe si kitu. Ni uwazi tu, na weusi wake ni giza la ndani.

Nyuma ya pazia kuna lenzi, kijiwe cha ute kinachong'aa, kimeshikwa pande zote na msuli mwembamba wa mviringo. Ukitazama karibu, msuli unajikaza na lenzi inatuna. Ukitazama mbali, unalegea. Kisha ute mzito unaojaza jicho lote, na mwisho kabisa, nyuma, tabaka mbili: moja jeusi lenye damu nyingi linalolisha jicho, na juu yake utando mwepesi kama ule wa maziwa yaliyopoa. Ule utando ndio retina. Ndio unaopokea picha. Ukiugusa kwa ncha ya kidole unajikunja na kubanduka, ukabaki umeshikwa mahali pamoja tu, pale mshipa wa fahamu unapotokea kuelekea kwenye ubongo.

Siku nyingine daktari alichukua jicho zima, akakwangua sehemu ya nyuma polepole mpaka ikawa nyembamba kama karatasi, akaelekeza upande wake wa mbele dirishani. Akatuita mmoja mmoja. Nilitazama kule nyuma alikokwangua na nikaliona dirisha, dogo kama ukucha, na mti wa nje, na mtu aliyekuwa akipita na baiskeli, wote wamepinduka, miguu juu na kichwa chini.

"Jicho la ng'ombe aliyekufa jana," alisema. "Bado linafanya kazi yake. Lakini hakuna wa kuona."

Nilipokwenda nyumbani kwa Idi niliyasimulia hayo yote. Tulikuwa tumekaa kibarazani, kaka yangu, mimi na mama, na shemeji yangu, mke wa kaka, alikuwa akipepeta mchele pembeni. Niliwaeleza jinsi tunavyoyapasua, jinsi tunavyoyahesabu kwenye bakuli. Shemeji aliacha kupepeta.

"Na ya watu je?" aliuliza.

Nikacheka. Nilikuwa kijana na nilikuwa na elimu. "Ya watu nayo yako vivyo hivyo, shemeji. Hayana tofauti kubwa."

Hakuniuliza tena. Miaka ile hadithi za mumiani zilikuwa zimejaa kila mahali, za watu wanaokamatwa wakatolewa damu ikafanywe dawa. Nilikuwa nazijua. Nilizisikia tangu utotoni. Lakini haikunipitia akilini hata kidogo kwamba mimi mwenyewe, na bakuli langu lisilofunikwa, nilikuwa nimezipa hadithi zile mguu mpya wa kutembelea.

Kaka yangu aliumia mwishoni mwa kiangazi, siku ambazo kila mtu anataka jembe kabla mvua haijashuka. Alikuwa akikata springi ya lori kwa tindo. Chuma kile ni kigumu kuliko tulichozoea. Kikipigwa kabla hakijashika moto vizuri, kinatema vipande. Alisema alihisi kitu kama mbu amemuuma jicho la kushoto. Alijipangusa kwa mkono, akaona tone moja la damu, akaendelea kufua hadi adhuhuri. Kesho yake jicho lilikuwa limefumba lenyewe. Siku ya tatu alipanda lori lililobeba ufuta, akaja Nachingwea na mkewe.

Nilimkuta kwenye mstari wa wagonjwa, amejifunga kipande cha kanga usoni. Aliponiona alicheka. "Mdogo wangu, leo nimekuletea kazi."

Nilimkalisha, nikamfungua kope kwa vidole viwili, nikamulika tochi. Pale weupe wa jicho unapokutana na konea palikuwa na mkato mdogo, mdogo sana, mtu asiyejua asingeuona. Ndani ya mkato kilichungulia kitu cheusi kama kichwa cha siafu. Lilikuwa pazia. Pazia la jicho lilikuwa limevutwa na kubanwa kwenye jeraha, na mboni, ambayo inapaswa kuwa duara, ilikuwa imevutika upande kama tone linalotaka kudondoka. Nilitamani nisingelikuwa nimesoma.

Daktari alimwangalia kwa muda mrefu na lenzi yake. Kisha aliniita nje, kwenye veranda.

"Chuma kimo ndani," alisema. "Siwezi kukifikia. Jicho hili halitaona tena. Unanisikia?"

"Nakusikia, Bwana Daktari."

"Lakini hilo silo jambo kubwa. Jambo kubwa ni la pili. Lile tabaka jeusi na lile pazia, mwili wenyewe haujawahi kuvijua. Vimefungiwa ndani tangu mtu kuzaliwa. Vikichanika na kutokeza nje, mara chache, si kila mara, mwili unavichukulia kama adui. Unaanza kuvishambulia. Na ukianza hauchagui. Unakwenda na kwenye jicho zima, lisilo na hata mkwaruzo. Kwa nini hasa, hatujui vizuri. Tunajua tu kwamba ukilitoa lililoumia mapema, ndani ya wiki mbili, la pili linasalimika. Ukichelewa, yakianza, hakuna wa kuyazuia."

Alivua miwani akaifuta. "Mimi kesho naondoka safari ya Liwale. Nitarudi baada ya siku sita. Ni kaka yako, na lugha ni yenu. Mweleze vizuri. Nikirudi nataka nimkute tayari."

Nimeyaandika maneno yake yote kwa sababu nilimsikia. Sikuwa na udhuru wa kutosikia.

Nilikwenda wodini jioni ile, jua likiwa bado juu ya mabati. Kaka yangu alikuwa amekaa kitandani, shemeji yuko chini kwenye mkeka. Tulizungumza Kimwera, kama kawaida yetu.

"Daktari amesema nini?" aliuliza.

"Amesema jicho limeumia vibaya. Huenda lisione tena."

"Huenda."

"Ndiyo. Anasema wanaweza kulitoa, ili lisikusumbue."

Shemeji alisimama. "Kulitoa? Kulipeleka wapi?"

"Shemeji, si kulipeleka popote."

"Ulituambia mwenyewe kwamba mnayahesabu. Wauza mihogo hapo sokoni wote wanajua. Nimewauliza leo. Wamesema dresa anapita na macho kwenye bakuli asubuhi, haogopi hata watu. Ndugu yako wa tumbo moja!"

Kaka yangu alimwashiria anyamaze. Akanigeukia. "Mdogo wangu, mwanga nauona. Weka mkono wako hapa. Umeona? Kivuli cha mkono wako nakiona. Jicho linaloona kivuli linatolewaje? Litanisumbua, sawa, nimezoea kusumbuliwa. Kuna sababu nyingine?"

Hapo ndipo palipokuwa mahali pa kusema. Aliuliza mwenyewe. Kuna sababu nyingine? Nilifungua mdomo. Neno lilikuwa limeshafika.

Nimejiuliza kwa miaka mingi kwa nini sikulisema, na kila mara napata jibu tofauti, na yote ni ya kweli. Niliona aibu mbele ya shemeji, kwa ajili ya bakuli. Niliogopa kumwambia mtu aliyenilea kwamba anaweza kuwa kipofu. Kwetu jambo baya likitamkwa ni kama limealikwa. Daktari alikuwa amesema "mara chache", nami nililishikilia neno hilo kwa mikono miwili. Tena nilifikiri kuna muda. Siku sita. Nitamwambia kesho, shemeji akiwa ameenda kuchota maji. Nitamwambia keshokutwa.

Nikasema, "Hapana. Ni hiyo tu."

Siku ya nne ya kulazwa kwake maumivu yalipungua. Kaka yangu alisema majembe ya watu yanamngoja na mvua haimngoji mtu. Nilimpa chupa ya matone, pamba na bandeji, nikamwonyesha shemeji jinsi ya kufunga. Niliwasindikiza hadi kwenye lori. Kisha nilirudi, nikafungua kitabu cha wagonjwa, na mbele ya kitanda chake nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri: *Ameelezwa. Amekataa.*

Daktari aliporudi alisoma. Aliniangalia juu ya miwani. "Ulimwambia kuhusu jicho la pili?"

"Ndiyo, Bwana Daktari."

"Na bado akakataa?"

"Alikataa."

Alitikisa kichwa, akageuza ukurasa.

Malolo haikuwa mbali hivyo. Ilikuwa safari ya siku nzima kwa baiskeli, ukianza alfajiri. Nilihesabu siku zile kumi na nne moja baada ya nyingine. Siku ya kumi niliamka nikajaza upepo magurudumu, halafu akaletwa mwanamke aliyeungua kutoka Kiegei, nikabaki. Siku ya kumi na tatu ilinyesha. Siku ya kumi na nne nilifanya kazi tangu asubuhi hadi jioni bila kumtazama mtu usoni. Baada ya hapo niliacha kuhesabu, nikaanza kujiambia kwamba mara chache ni mara chache kweli.

Wiki ya sita ujumbe ulikuja kwa mdomo wa mtu aliyeleta mbaazi sokoni: mhunzi anamwita mdogo wake, jicho linamwasha.

"Lipi?" nilimuuliza. "La kushoto?"

"La kulia," alisema yule mtu. "La kushoto si lilishakufa?"

Nilifika Malolo jioni, njia yote matope. Kaka yangu alikuwa bandani, lakini hakuwa akifua. Mivukuto ilikuwa imelala na makaa yalikuwa yamezimika. Alikaa amejifunika kitambaa juu ya kichwa kukinga mwanga.

"Kwanza nilidhani ni moshi," alisema. "Unajua chuma nakisoma kwa rangi. Kikiwa chekundu cha damu bado, kikiwa cha manjano kama embe bivu ndipo ninapopiga. Sasa sizioni rangi vizuri. Nikiinama karibu, chuma kinakuwa kama kiko ndani ya maji. Nikisogea nyuma kinarudi. Nikiinama, kinapotea. Nimeharibu majembe mawili ya watu."

Nilijua. Ule msuli mdogo wa mviringo unaoshika lenzi ndio unaoanza kuchoka, mtu anapoteza karibu kabla hajapoteza mbali. Nilimtoa kitambaa, nikawasha tochi. Alipiga kelele kwa uchungu wa mwanga, mtu ambaye niliwahi kumwona akishika chuma cha moto kwa bahati mbaya bila kusema hata neno. Kuzunguka konea palikuwa na pete nyekundu, si ule wekundu wa jicho la vumbi unaotawanyika, bali mstari uliobana pembezoni mwa kioo. Maji ya mbele, yale yanayopaswa kuwa safi kabisa, yalikuwa na ukungu. Na mboni ilikuwa haichezi. Nilimulika, nikaondoa, nikamulika. Ilibaki vile vile, ndogo, imekunjika upande mmoja, imeshikamana na lenzi kama karatasi iliyogandishwa kwa uji.

"Vipi?" aliuliza.

"Kesho tunakwenda Nachingwea," nilisema.

Daktari hakunikaripia. Ingekuwa afadhali angenikaripia. Alilitoa lile jicho la kushoto kwa sababu lilikuwa halina faida tena, ingawa alijua kwamba kulitoa sasa hakusaidii. Kwa jicho la kulia alijaribu kila alichokuwa nacho: matone ya kupanua mboni ili pazia lisizidi kunata, vitambaa vya maji moto, sindano za kumtia homa kwa makusudi, maana wakati ule waliamini homa kali huweza kuushtua mwili ukaacha vita vyake. Nilimdunga mwenyewe zile sindano. Alitetemeka mpaka kitanda kikalia, nami nilimshika miguu. Kutoka Dar es Salaam kikaletwa kichupa kidogo cha dawa mpya. Kilitosha siku chache tu. Siku zile aliona dirisha. Alisema, "Mdogo wangu, pale ni dirisha, na kuna mtu amesimama." Nilifurahi hadi nikalia chooni. Dawa ikaisha, na kilichofuata hakikuja kwa wakati.

Mwezi baada ya mwezi nililiona jicho lile likifungwa kutokea ndani. Ukungu ukawa uzito. Pazia likapoteza rangi yake, likawa kama jivu. Lenzi ikaingia weupe. Na nyuma yake, kule nisikoweza kuona, nilijua tabaka jeusi linavimba na ule utando mwepesi juu yake unalowa na kubanduka. Hakuna sehemu iliyoharibika ambayo sikulijua jina lake wala kazi yake. Nilikaa pembeni ya kitanda nikisindikiza kila moja, kama mtu anayetazama nyumba ikiungua akitaja vyumba.

Asubuhi moja kaka yangu aliniambia, "Mdogo wangu, nieleze jicho."

"Nikueleze nini?"

"Lote. Ulivyotueleza siku ile ya Idi sikusikiliza vizuri. Nilikuwa nakutazama wewe unavyozungumza. Nataka nijue ni nini kimetokea humu."

Shemeji alikuwa ameenda kufua nguo. Nilimweleza. Nilianza na kioo cha mbele, maji, pazia, mboni. Aliuliza maswali mazuri, maswali ya fundi: pazia linavutwa na nini, lenzi imefungwa kwa nini isidondoke, picha inafikaje kichwani. Nilipoeleza tabaka jeusi alisema, "Basi hilo ndilo makaa," nami nikasema ndiyo.

"La kulia halikupigwa na chuma," alisema.

"Halikupigwa."

"Limeambukizwa na la kushoto."

"Ndiyo."

"Kama la kushoto lingetolewa mapema?"

Nje mtu alikuwa akitwanga.

"Daktari alijua hayo? Siku ile nilipokuja?"

"Alijua."

"Alikwambia?"

Nikamwambia. Nilimwambia yote, veranda, wiki mbili, safari ya Liwale, kitabu cha wagonjwa. Nililia nikimwambia. Nilitaka anipige, mkono wake ulikuwa bado mkono wa mhunzi na angeweza kunivunja taya. Hakunipiga. Aligeuza uso upande wa ukuta. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwa Kiswahili, si kwa Kimwera:

"Asante, Bwana Dresa. Sasa nimeelewa."

Tangu siku hiyo hakuniita tena mdogo wake. Hakunitukana, hakunisema kwa mtu. Nikimsalimu aliitikia. Nikimuuliza hali alisema hajambo. Lakini bandeji alitaka afungwe na dresa mwingine, na nikikaribia kitanda alijua kwa hatua zangu akanyanyua mkono kidogo, kama mtu anayemzuia kuku asiingie ndani. Alipoambiwa arudi nyumbani, ni dresa mwenzangu aliyempandisha kwenye lori. Mimi nilisimama karibu na gurudumu.

Banda la uhunzi lilikaa mwaka mmoja, kisha mchwa wakala nguzo. Springi zilibaki pale nyuma, nyasi zikaota juu yake. Watu wa Malolo walianza kupeleka majembe yao Marambo. Kaka yangu alijifunza kubangua korosho kwa kupapasa, kazi ya wanawake na watoto, na mafuta ya maganda yalimuunguza vidole mpaka ngozi ikabanduka, kwa sababu hakuweza kuona maganda yanapotema. Shemeji alilima peke yake. Mama aliacha kuzungumza na watu wengi, akafariki kabla ya mavuno yaliyofuata, na kwenye maziko kaka yangu alisimama upande mwingine wa kaburi.

Jicho la kulia halikumwachia hata baada ya kupofuka. Lilijaa maji yasiyo na pa kutokea, likawa gumu kama jiwe, na kichwa kilimuuma siku nzima mfululizo. Kulikuwa na dresa kwenye zahanati ya Ruangwa. Alikwenda kwa huyo. Nilipomtumia dawa, zilirudi na mtu yule yule niliyemtuma.

Niliomba uhamisho. Daktari aliuliza sababu, nikasema hewa ya huku hainipendi. Kabla sijaondoka nilikwenda Malolo kuaga. Kaka yangu alinipa mkono, akasema safari njema, akarudi kwenye korosho zake. Hakuniomba nikae na sikukaa.

Shemeji alinisindikiza hadi njia panda. Alikuwa amekonda. Tulitembea, halafu akasimama.

"Shemeji," alisema, "kuna jambo linanikaa hapa." Aligusa kifua. "Ni mimi niliyemfanya awe kipofu."

"Wewe?"

"Ni mimi niliyekataa asitolewe lile jicho. Angekubali, yule. Wewe ulikuja na maneno ya daktari, mimi nikayapinga kwa ujinga wangu. Nimemwomba msamaha mara nyingi. Anasema si kosa langu, lakini ananificha tu, hataki niumie. Na wewe hujawahi kunilaumu hata siku moja. Mungu akulipe."

Kumbe kaka yangu hakuwa amemwambia. Kwa nini, sijui mpaka leo. Labda kwa ajili yangu, labda kwa ajili ya jina la mama yetu, labda hakutaka kulitaja tena jambo hilo mdomoni mwake. Nilisimama pale na jua la saa tano utosini. Njia ilikuwa tupu pande zote mbili. Hapakuwa na mtu wa kuniaibisha, hapakuwa na daktari, hapakuwa na siku za kuhesabu. Ilihitaji sentensi moja tu.

Nilimwambia, "Usijilaumu, shemeji. Ni mipango ya Mungu."

Alijifuta macho kwa upindo wa kanga, akanishukuru, akasema ana uji jikoni na mume wake hawezi kuuangalia. Akageuka kurudi. Kaka yangu alifariki miaka mitatu baadaye, na barua ikanifikia mazishi yakiwa yamekwisha. Yeye shemeji aliishi muda mrefu zaidi. Nilikuwa nikimwandikia kila Idi, na kila barua niliianza nikikusudia kumweleza. Mjukuu wake ndiye aliyekuwa akimsomea. Alifariki akiamini kwamba ni yeye.